Sakafu ya Bahari Ipimwe Kwanza: Takwimu Zinazotakiwa Kabla ya Mradi Kuanza Baharini

Maandishi ya mada kwa wakaazi wa ukanda wa pwani wa Kaunti ya Kwale



Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mabaharia wa zamani walilijua hilo vizuri. Kabla ya kutia nanga mahali pageni, nahodha aliteremsha kamba yenye risasi nzito, akahesabu pima moja moja hadi risasi iguse chini. Chini ya risasi ilipakwa mafuta, ili ikipandishwa ije na mchanga, tope au kipande cha kome. Kwa kamba ile moja alipata majibu mawili: kina ni kiasi gani, na chini kuna nini. Hata Kapteni William Owen wa Uingereza, aliyechora pwani hii kati ya 1822 na 1826, alitegemea kamba na risasi.

Leo vyombo vimebadilika, lakini maswali yale mawili yako palepale, na yameongezeka mengine. Chini ya mchanga kuna nini? Nani anaishi pale? Nani anapategemea kwa chakula chake? Mradi wowote wa baharini, uwe gati, bomba, kebo, uchimbaji wa mchanga au kisima cha mafuta, unatakiwa kuyajibu maswali hayo kwa takwimu kabla ya kupewa kibali. Mada hii inaeleza takwimu hizo ni zipi, hupatikana vipi, na mkaazi wa kawaida afanye nini karatasi zikifika mezani.

Kwa nini jambo hili linaihusu Kwale

Kuanzia Waa na Tiwi, kupita Diani, Chale, Gazi, Msambweni, Funzi na Shimoni hadi Vanga, bahari ya kusini ina kila aina ya sakafu. Kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbele ya ufuo. Ndani ya mwamba kuna maji mafupi yenye majani ya bahari, ambako tafi na pono hulisha. Kuna mikoko ya Gazi, Funzi na Vanga. Kuna midomo ya mito Mwachema, Mkurumudzi, Ramisi na Umba, inayoshusha tope wakati wa masika. Kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite yenye kilomita za mraba 28, na pembeni yake Mpunguti yenye 11. Kisha ukivuka mwamba, sakafu inateremka ghafla kuelekea Mkondo wa Pemba, ambako kina hufika mamia ya mita.

Katika eneo hili hili miradi inapishana. Shimoni kuna bandari ya uvuvi. Wakaazi wa Waa, Tiwi na Diani wanakumbuka mjadala mkali wa muongo wa 2010 kuhusu kuchota mchanga baharini kwa ajili ya miradi mikubwa ya Mombasa. Wavuvi na wenye hoteli walikuwa upande mmoja wakiuliza mwamba na ufuo vitabaki vipi. Kina mama wa Kibuyuni na Mkwiro wana mashamba ya mwani. Wenye hoteli wanajenga kuta za kuzuia mmomonyoko.

Mbali zaidi baharini, mwaka 2014 kampuni ya BG Group na washirika wake walichimba kisima kilichoitwa Sunbird-1 katika kitalu cha L10A, nje ya pwani ya kusini, mahali ambapo kina cha maji ni zaidi ya mita 700. Kisima hicho kilitoboa mwamba wa matumbawe wa kale uliofukiwa chini ya tabaka za udongo, kikakuta gesi na mafuta, ingawa si kwa kiwango cha kuanzisha biashara. Hakuna mtu aliyeuona mwamba ule kwa macho. Ulijulikana kwa vipimo tu, vilivyochukuliwa na meli zilizopita juu yake kabla ya mtambo wa kuchimba kufika. Huo ndio uwezo wa takwimu za sakafu ya bahari. Na mwenye takwimu hizo mezani ana nguvu kuliko asiyekuwa nazo.

Takwimu zinazotakiwa

Kwa lugha nyepesi, ripoti kamili ya sakafu ya bahari inatakiwa kuwa na mambo manane.

La kwanza ni kina na umbo la sakafu. Meli au boti hutuma sauti chini, sauti hugonga sakafu na kurudi, na muda wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa kina. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini mwendo huo hubadilika kulingana na joto na chumvi ya maji. Kwa hiyo wapimaji hulazimika kupima joto na chumvi kila siku ya kazi. Wasipofanya hivyo, ramani yao hupinda. Chombo cha kisasa hutuma miale mingi kwa pamoja na kupima ukanda mzima wa sakafu, ambao kwa kawaida upana wake ni mara 3 hadi 5 ya kina. Mahali penye mita 10, ukanda huo ni wa mita 30 hadi 50 tu. Ndiyo maana kupima maji mafupi ya Diani au Msambweni huchukua siku nyingi kuliko kupima kilindi. Mradi unaodai kuwa umepima mwamba wote kwa siku mbili unastahili kuulizwa umefanyaje.

La pili ni picha ya vitu vilivyolala chini. Kuna chombo kinachovutwa nyuma ya boti, kikipiga sauti pembeni kulia na kushoto, na kutoa picha inayofanana na ya kivuli. Hapo huonekana mawe, malema yaliyopotea, nanga, na meli zilizozama.

La tatu ni tabaka zilizo chini ya sakafu. Sauti nzito zaidi hupenya mchanga na tope, na kuonyesha mwamba mgumu unaanzia wapi. Nguzo ya gati isiyofika kwenye mwamba mgumu itazama au kuinama. Kwenye miradi ya mafuta, kipimo hiki hutafuta pia mifuko ya gesi iliyo karibu na sakafu, ambayo inaweza kuhatarisha mtambo na watu wake.

La nne ni chuma. Chombo cha kupima usumaku hugundua kebo, mabomba, nanga na hata mabomu ya zamani ya vita yaliyofukiwa mchangani.

La tano ni sampuli. Picha za sauti peke yake hazitoshi, kwa kuwa mchanga na tope vinaweza kufanana. Lazima udongo uchotwe, upimwe ukubwa wa chembe zake, na uchunguzwe kama una sumu. Hapo ndipo hujulikana kama ukichimbuliwa utatua upesi au utaelea majini kwa siku kadhaa.

La sita ni maji yenyewe: mkondo, mawimbi, kupwa na kujaa, na kiasi cha tope. Pwani hii tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3. Kina kilichoandikwa bila kusema kilipimwa maji yakiwa wapi hakina maana. Tena, kila mvuvi anajua kwamba bahari ya kaskazi si bahari ya kusi. Vipimo vya mkondo vilivyochukuliwa Februari peke yake haviwezi kusema tope litaelekea wapi mwezi Julai.

La saba ni viumbe: matumbawe hai, majani ya bahari, mazalio ya samaki, kasa wanaopanda kutaga, pomboo wa Kisite, na nyangumi wanaopita pwani ya Kenya wakati wa kusi. Hii ndiyo hali ya mwanzo. Bila kuiandika, hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba kuna kilichoharibika.

La nane ni matumizi ya watu: wapi panavuliwa, kwa vifaa gani, msimu gani, na njia za mitumbwi na mashua ni zipi. Hapa pia huingia mashamba ya mwani, sehemu za wapiga mbizi, na mabaki ya kale. Meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Santo Antonio de Tanna, ilichunguzwa na wataalamu kuanzia 1977, na vitu vyake viko makumbushoni. Mabaki kama hayo yakichotwa pamoja na mchanga, historia yake hupotea kabisa.

Kipimo hakitoshi, ubora wake pia

Si kila kipimo kina uzito sawa. Shirika la kimataifa la upimaji bahari, IHO, limeweka viwango katika mwongozo unaoitwa S-44, ambao toleo lake la sita lilitoka mwaka 2020. Mwongozo huo hupanga upimaji kwa madaraja, kulingana na hatari ya mahali.

Katika daraja maalumu, linalofaa mlango wa bandari ambako meli hupita ikiwa na nafasi ndogo chini yake, kosa la kina linaloruhusiwa kwenye maji ya mita 10 ni takriban sentimita 26, na kosa la mahali lisizidi mita 2. Vyombo lazima viweze kuona kitu chenye ukubwa wa mita 1 kila upande. Daraja linalofuata, 1a, huruhusu kosa la takriban nusu mita kwenye kina hicho hicho, na kuona vitu vya mita 2. Daraja la 2, ambalo ni la maji marefu kupita mita 200, huruhusu kosa kubwa zaidi: kwenye kina cha mita 700 linaweza kufika mita 16.

Maana yake kwa mkaazi ni hii. Ripoti inaweza kuwa na ramani za rangi za kupendeza, lakini ikiwa zimetengenezwa kwa takwimu za daraja la chini, au kwa takwimu za jumla zilizochukuliwa kwenye ramani ya dunia, haziwezi kuonyesha fungu dogo au jabali ambalo wavuvi wa Gazi wanalijua kwa jina. Hata ulimwenguni kote kazi bado ni kubwa. Mradi wa kimataifa wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa kwa viwango vya kisasa ilikuwa asilimia 6 tu. Kufikia 2024 ilikuwa takriban asilimia 26. Sehemu iliyobaki kwenye ramani hizo ni makadirio, na mradi haufai kujengwa juu ya makadirio.

Kila mradi na mahitaji yake

Gati na bandari huhitaji hasa kina cha daraja la juu, tabaka za chini, na mwendo wa mchanga. Ukijenga ukuta majini, unazuia mchanga uliokuwa ukisafiri na mkondo. Upande mmoja utajaa, upande wa pili utaliwa. Swali la msingi ni nani anaishi upande wa pili.

Uchotaji wa mchanga una mahitaji makali zaidi. Mchanga wa fuo za Kwale hutoka mitoni, na katika mabaki ya matumbawe na makome yaliyosagwa na mawimbi. Haujazwi tena kwa mwaka mmoja. Ripoti lazima ionyeshe mchanga una unene gani, una tope kiasi gani, shimo litakuwa na kina gani, na liko umbali gani kutoka kwenye mwamba. Lazima pia ionyeshe wingu la tope litasafiri hadi wapi kwenye kusi na kwenye kaskazi. Tope likitua juu ya matumbawe huyanyima mwanga na kuyaziba. Matumbawe ya pwani hii yalipata pigo kubwa la joto mwaka 1998, na hayana nguvu ya kupigwa kila upande.

Kebo za intaneti na umeme huhitaji njia yote kupimwa, kutoka ufuoni hadi kilindini, ili zisipite juu ya majabali makali au maporomoko. Tangu kebo ya TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya imekuwa ikitegemea nyaya zilizolala chini ya bahari. Februari 2012, meli iliyosubiri kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuikata kebo hiyo. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na watu wa Kenya na Tanzania wakaona intaneti ikizorota kwa siku kadhaa. Kwa majirani, kisiwa cha Pemba kimeunganishwa na umeme wa Tanga kwa kebo ya baharini tangu 2010. Njia kama hizo zisipowekwa kwenye ramani zinazowafikia manahodha, nanga moja inatosha kuwatia watu gizani.

Visima vya mafuta na gesi huanza na upimaji wa mitetemo, ambapo meli huvuta bunduki za hewa na nyaya ndefu za kupokea mwangwi. Upimaji wenyewe una madhara yake. Kelele inaweza kuwasumbua nyangumi na pomboo, na nyaya ndefu hufunga eneo kubwa la uvuvi kwa majuma. Kwa hiyo kanuni nzuri hutaka sauti ianze kwa kiwango cha chini na kupanda polepole, kuwe na watu wa kuangalia wanyama wa baharini, na wavuvi wapewe taarifa mapema kuhusu tarehe na mipaka ya eneo. Mvuvi ambaye jarife lake limekatwa na meli ya upimaji aandike siku, saa na mahali, na apeleke taarifa BMU siku hiyo hiyo.

Nani ana mamlaka gani

Jambo hili huwachanganya wengi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, bahari ya taifa, sakafu yake na ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, inayoshikiliwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kaunti haiwezi kuuza wala kugawa sakafu ya bahari. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi katika uvuvi, na katika vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Basi kaunti ina haki na wajibu wa kusikika.

Mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo hutoa leseni chini ya sheria ya mazingira ya 1999, inayojulikana kama EMCA. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina wataalamu na meli ya utafiti iitwayo Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. KWS inasimamia hifadhi za bahari. Mamlaka ya bahari, KMA, inashughulikia usalama wa vyombo, na Mamlaka ya Bandari, KPA, bandari zenyewe. Makumbusho ya Taifa inalinda mabaki ya kale.

Meli ya kigeni haiwezi kuja kufanya utafiti wa kisayansi bila idhini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unataka maombi yaletwe angalau miezi 6 kabla ya kazi, na nchi yenye bahari ishirikishwe na kupewa matokeo. Kenya yenyewe imewahi kutumia takwimu za sakafu kutetea mipaka yake: tarehe 6 Mei 2009 iliwasilisha Umoja wa Mataifa vipimo vya umbo la sakafu na unene wa udongo, ili kudai eneo lililo nje ya maili 200 za baharini. Kama taifa linahitaji takwimu kudai haki yake, kijiji nacho kinazihitaji.

Funzo la Lamu

Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari ya LAPSSET. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao za uvuvi wa jadi ziliguswa. Ilitaja fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, kwa sababu kuu kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, sauti ya mvuvi ina uzito mbele ya sheria. Pili, fidia hudaiwa baada ya hasara, na huchukua miaka mingi. Ni afadhali maeneo ya uvuvi yawekwe kwenye ramani kabla ya leseni kutolewa, kuliko kuthibitishwa mahakamani baada ya mwamba kufukiwa.

Maswali ya kuuliza kwenye kikao

Ripoti ya tathmini ya mazingira ikiwasilishwa, sheria inataka NEMA itangaze kwenye Gazeti Rasmi na kwenye magazeti yanayosomwa eneo hilo, ikitaja mradi, mahali, na wapi ripoti inaweza kusomwa, pamoja na muda wa maoni usiozidi siku 60. Maoni yanaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Anayepinga uamuzi wa leseni anaweza kukata rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo hupita haraka.

Kwenye kikao cha kukusanya maoni, mwananchi hahitaji shahada ili kuuliza yafuatayo:

1. Sakafu ilipimwa lini, na nani, kwa chombo gani, na kwa daraja gani la IHO?
2. Je, eneo lote lilipimwa, au ni mistari michache na kati yake ni makadirio?
3. Vipimo vya mkondo na tope vilichukuliwa kaskazi na kusi?
4. Sampuli za udongo ni ngapi, na zilichotwa wapi?
5. Ramani ya matumbawe na majani ya bahari iko wapi, na iliandaliwa mwaka gani?
6. Majina ya maeneo ya uvuvi ya kijiji hiki yako wapi kwenye ramani?
7. Mchanga au tope lililochimbuliwa litamwagwa wapi?
8. Tope likizidi kiwango kilichokubaliwa, nani atasimamisha kazi, na ndani ya saa ngapi?
9. Takwimu zitahifadhiwa wapi, na kijiji kitapata nakala kwa Kiswahili?
10. Baada ya kazi, sakafu itapimwa tena lini ili ilinganishwe na hali ya mwanzo?

Mradi ulioandaliwa vizuri una majibu ya maswali haya tayari. Mradi usio na majibu haujawa tayari kupewa kibali, hata kama ahadi zake za ajira ni nyingi. Wala maswali haya si ya kupinga maendeleo. Bandari iliyopimwa vizuri haijai mchanga kila mwaka, na kebo iliyopitishwa panapofaa haikatiki ovyo. Mwekezaji mwenyewe ndiye wa kwanza kupata hasara takwimu zikiwa mbovu.

Kazi inayoweza kuanza leo

Kuna takwimu moja ambayo hakuna meli inayoweza kuileta: ile ya jambo la nane, matumizi ya watu. Hiyo iko vichwani mwa wazee wa Mkunguni, Mwaepe, Chale, Gazi, Wasini, Jimbo na Vanga. Wao ndio wanaojua pweza hukaa jabali gani maji yakipwa, changu hupita mlango gani wa mwamba, na boti hujificha wapi kusi ikichafuka. Mzee akiondoka kabla ya kuandikiwa, ramani hiyo huzikwa naye.

Kila BMU inaweza kuanza na daftari moja na simu moja yenye GPS. Kijana apande mtumbwi pamoja na mzee, wafike kila eneo la uvuvi, waandike jina lake, alama ya mahali, kina kwa pima, aina ya chini, samaki wanaopatikana, kifaa kinachotumika na msimu. Samaki wanaoletwa bandarini waandikwe kila siku kwa uzito na mahali walikotoka, maana uvuvi usioandikwa huonekana kama haupo. Kina mama wa mwani waweke alama kwenye pembe za mashamba yao na waandike mavuno ya kila msimu. Wapiga mbizi na waongoza watalii waandike hali ya matumbawe wanayoyaona. Nakala moja ibaki kwa BMU, moja ipelekwe ofisi ya uvuvi ya kaunti, na moja iombewe nafasi KMFRI.

Wako wanaohofia kwamba kuandika maeneo ya siri ya uvuvi kutawaalika wageni. Hofu hiyo ni ya haki. BMU inaweza kuamua kuonyesha mipaka ya eneo kwa ujumla na kuhifadhi alama kamili ndani ya ofisi yake, hadi siku ambapo mradi utagusa eneo hilo. Muhimu ni kwamba daftari liwepo, liwe na tarehe, na liwe limeandikwa kabla ya mradi kutangazwa. Daftari la baada ya tangazo hutiliwa shaka kirahisi.

Ndugu wananchi, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Meli za upimaji zitakuja na kuondoka, wahandisi watamaliza mikataba yao na kurudi makwao. Watakaobaki na bahari ni watu wa Kwale. Basi mradi ukija, upokewe kwa heshima na uulizwe vipimo vyake. Na mwenye kuuliza naye awe na daftari lake mkononi.